Majeraha ya michezo na mifupa: taarifa ya kweli inakutajia muda, ya uongo inakutajia namba ya simu

mlezi_katubuka

Wakuu, habari za jioni.

Mimi ni mlezi wa timu ya vijana huku Katubuka, Kigoma Mjini. Si daktari, sina duka la dawa, na hakuna anayenilipa kuandika uzi huu. Kilichonileta ni kwamba dogo akiumia Jumamosi jioni, kufikia Jumapili mchana mzazi wake ameshapokea ushauri wa ukoo mzima kwa wasapu. Vidio ya jamaa anavuta goti la mtu mpaka linalia, watu wanashangilia. Sauti ya mtu asiyejitaja anayesema mfupa unaunga kwa siku 7. Tangazo la unga wa kurudisha ute wa magoti, chini yake namba ya kutuma hela.

Tukumbuke na tulipo. Ukiandikiwa rufaa ya goti kutoka Kigoma, unaongelea hospitali ya Bugando kule Mwanza, au MOI, taasisi ya mifupa pale Muhimbili jijini Dar, na Dar ni zaidi ya kilomita 1,200 kwa reli. Hapo hujahesabu pa kulala na mtu wa kukusindikiza. Mtu wa Dar akipotezwa na vidio anapanda daladala kesho yake anajirekebisha. Huku ukipotezwa mwezi wa kwanza, unaweza kuuza ng'ombe kurekebisha mwezi wa tatu.

Kipimo changu ni hiki: taarifa ya kweli kuhusu mfupa inakutajia muda, halafu inakutajia dalili za kukurudisha hospitali haraka. Ya uongo haina muda wa maana wala haina hatari. Ina dawa na namba ya simu.

Muda wenyewe haujifichi, madaktari wa mifupa wa dunia nzima wanakaribiana. Kifundo cha mkono cha mtu mzima kikivunjika kikafungwa hogo (plasta ngumu), tegemea kama wiki 6. Mtulinga, wiki 6 hadi 12. Mfupa wa ugoko, miezi 4 hadi 6, na ukiwa umevunjika vibaya huenda zaidi. Watoto huunga haraka kuliko sisi. Kwa hiyo anayekuahidi siku 7 kwa mafuta ya kupaka, huna haja ya kumuuliza amesomea wapi. Ameshajijibia.

Sasa hili la ute wa magoti, kwa sababu limewala hela wazee wetu kweli kweli. Hadithi inasema goti linauma kwa kuwa ute "umeisha", ndipo unauziwa unga, au unaambiwa ulale na maji ya bamia. Ute wa kwenye goti unatengenezwa na utando unaozunguka kiungo chenyewe. Bamia ikiingia tumboni inasagwa kama mboga nyingine, ule mlendo haujui njia ya kwenda gotini. Wengi wa wazee hawa kinachowasumbua ni kusagika kwa gegedu, ile nyama ngumu yenye uso laini inayofunika ncha za mifupa. Na gegedu likisagika, goti mara nyingi linajaa maji, halikauki! Mwaka 2022 taasisi ya miongozo ya tiba ya Uingereza, NICE, ilitoa mwongozo wake: tiba ya kwanza ni mazoezi ya kuimarisha misuli na kupunguza uzito kwa aliyezidi, na glukosamini wagonjwa wasipewe. Glukosamini ndiyo hiyo iliyomo kwenye makopo mengi mnayouziwa. Bamia kuleni, ni mboga nzuri, hasa ukiipata na mgebuka.

Jambo la pili ni tarehe. Hata ushauri wa madaktari hubadilika. Wote tulioshika filimbi tunaijua ile ya kupumzika, barafu, kufunga bandeji na kuinua mguu. Aliyeipa jina lake maarufu, RICE, ni daktari wa Marekani, Gabe Mirkin, mwaka 1978. Mwaka 2014 huyo huyo akaandika kwamba barafu na kupumzika moja kwa moja vinaweza kuchelewesha kupona. Leo wataalamu wengi wanasema linda sehemu iliyoumia siku 1 hadi 3, funga bandeji ya mpira, inua, kisha anza kuusogeza mguu taratibu kadiri maumivu yanavyoruhusu. Barafu inapunguza maumivu, haijawa haramu, lakini si tiba. Wote wanakubaliana kwamba siku za mwanzo usichue kwa nguvu wala usikande kwa maji ya moto. Na sisi wa Kigoma jeraha likitokea tu, mtu ameshashika kopo la mawese anachua! Ndani kuna mishipa midogo imepasuka inavuja damu, wewe unaisukuma izidi kuvuja. Asubuhi mguu umejaa kama mto wa kulalia, mnaanza kutafuta mchawi.

Kwa hiyo ukisoma makala, shuka chini kabisa uone ilipitiwa lini na nani. Isiyo na jina wala tarehe, iache hata kama ina picha nzuri.

Mimi nasoma wapi? OrthoInfo, tovuti ya chama cha madaktari bingwa wa mifupa wa Marekani, imeandikwa kwa ajili ya mgonjwa. Tovuti ya NHS, huduma ya afya ya taifa ya Uingereza, ni fupi na inasema wazi lini ukimbilie hospitali. MedlinePlus ya maktaba ya taifa ya tiba ya Marekani ina ukurasa wa Kiswahili, ingawa ukitaka kina utarudi kwenye Kiingereza, hapo mtafute mwalimu wa mtaa akusaidie. Programu za akili mnemba nazo vijana wanazitumia. Sawa, lakini ziambie zikupe chanzo, kisha ukifungue chanzo chenyewe.

Kwa kuongea na mtu, Wizara ya Afya ina namba 199, kupiga ni bure. Anayejiita daktari bingwa mtandaoni, jina lake litafutwe kwenye daftari la Baraza la Madaktari Tanganyika, lipo mtandaoni. Hapo wengine wanapotea kama moshi.

Ila chanzo kikubwa kuliko vyote ni daktari aliye mbele yako, nacho tunakitumia vibaya. Tunaingia, tunaandikiwa dawa za maumivu, tunatoka na "nimeambiwa nimeteguka". Nenda na daftari. Muulize mfupa gani au kano gani. Kama umevunjika, muulize umehama au umekaa pake, maana hilo ndilo linaamua hogo au vyuma. Bila upasuaji itakuwaje? Lini nianze kukanyaga, lini nicheze? Nini kikitokea nirudi usiku huo huo? Eksirei yako ipige picha kwa simu ukiishikilia dirishani kwenye mwanga, kila upande picha yake, na karatasi ya kuruhusiwa usiifungie maandazi. Siku ya rufaa hizo ndizo zitakazokuepusha na kurudia vipimo.

Karibuni.

---

mwana_ujiji

Mkuu uzi mzuri ila umewagusa waunga mifupa kwa mbali ukawakwepa. Semeni ukweli. Huku vijijini Buhigwe na Kasulu watu wameungwa kwa mianzi na majani, leo wanalima. Hospitali wanakimbilia kukata.

---

mlezi_katubuka

Sijawakwepa kaka, nilitaka mtu aulize. Mfupa wa kawaida uliovunjika bila jeraha na bila kuhama, ukitulizwa vizuri huunga wenyewe. Mungu ndiye anaunga, hogo na mwanzi vyote ni vya kuutuliza tu. Ndiyo maana wengi wao wamepona na sibishi. Tatizo ni pale mfupa umetokeza nje, au umevunjikia kwenye kiungo, au mwanzi umekazwa mpaka damu haipiti. Na hilo la kukata, wengi wanaokatwa wanafika vidole vikiwa vimeshakuwa vyeusi. Anayeshika msumeno ndiye anayelaumiwa, aliyekaza kamba wiki mbili nyuma hayupo.

---

fizio_tbr

Salaam kutoka Tabora. Mimi ni mtaalamu wa fiziotherapia, naomba niongeze kwa alichosema mlezi.

Kamba ya mwanzi au hogo la hospitali, hatari ni ile ile: kubana. Msishangae, hata hogo letu linaweza kubana mguu ukiendelea kuvimba ndani yake. Kila mtu anayerudi nyumbani na hogo ajue hivi: maumivu yanayozidi badala ya kupungua, hata baada ya dawa, vidole vinakuwa baridi, vimepauka au vya bluu, ganzi, ukimnyoosha kidole anapiga kelele. Yoyote kati ya hayo ni kurudi saa hiyo hiyo, siyo asubuhi. Usimwongeze diklofenaki akalala. Msuli uliokosa damu kwa saa 6 hivi huanza kufa, na ukifa haurudi.

Kwa walezi wa timu, kuna kipimo kilichotungwa Ottawa, Kanada, miaka ya mwanzo ya 1990, cha kujua kifundo cha mguu kilichopinda kama kinahitaji eksirei. Mchezaji aliyeumia, jaribu kumtembeza hatua 4. Kuchechemea kunaruhusiwa. Kisha bonyeza kwa kidole gumba ule mfupa unaotokeza pembeni ya kifundo, ndani na nje, upande wake wa nyuma na ncha yake ya chini. Bonyeza pia mfupa unaotokeza katikati ya ukingo wa nje wa unyayo, na ule ulio juu ya upinde wa unyayo kwa ndani. Akishindwa hatua 4, au akiruka ukibonyeza mfupa wenyewe na siyo nyama ya pembeni, mpeleke eksirei. Akitembea na mifupa haiumi, uwezekano wa kuvunjika ni mdogo sana. Kipimo hiki hakimfai aliyelewa, aliyepoteza fahamu wala mwenye ganzi miguuni kama baadhi ya wenye kisukari.

---

mama_gungu

Naomba msaada jamani. Mwanangu ana miaka 7, jana jioni alianguka kutoka kwenye mwembe akaangukia mkono. Kiwiko kimevimba, hataki kuguswa. Bibi yake amesema ameteguka, kuna baba anakuja leo kumvuta. Nimesoma hapa nimeogopa.

---

fizio_tbr

Dada, huyo baba asimguse. Mtoto wa umri huo akianguka toka juu akatua na mkono, kiwiko kikavimba, hesabu kimevunjika mpaka eksirei iseme vingine. Mara nyingi huvunjika juu kidogo ya kiwiko, na hapo ndipo mshipa mkubwa wa damu na neva za mkono zinapita. Ukivutwa, mfupa wenye ncha unaweza kukata kimoja.

Angalia sasa hivi ukiwa umeshika simu. Vidole ni vya moto kama vya mkono mwingine? Bonyeza ukucha, ukiachia wekundu unarudi ndani ya sekunde 2? Anaweza kufanya alama ya sawa, dole gumba na shahada vikutane ncha kwa ncha? Kisha mfunge kanga itundike shingoni mkono ukiwa kama ulivyo, usiukunje wala usiunyooshe kwa nguvu. Asile kitu kwa sasa, huenda akahitaji kulazwa usingizi. Nendeni hospitali ya mkoa Maweni leo leo.

---

mama_gungu

Vidole vya moto, wekundu unarudi. Hiyo ya dole gumba na shahada hawezi, ncha hazikutani. Tunachukua bajaji.

---

fizio_tbr

Hiyo ya mwisho mwambie daktari kwa maneno hayo hayo, inaonyesha kuna neva imeguswa. Mara nyingi hurudi yenyewe, lakini lazima iandikwe kabla hajafungwa.

---

namba_sita

Wakuu na mimi. Nacheza kiungo, mechi ya mtaa mwezi uliopita nilikanyaga nikageuka peke yangu, hakuna aliyenigusa, goti likalia "ko!". Lilivimba usiku ule ule. Sasa natembea vizuri ila nikigeuka ghafla linaniachia. Kuna mtu kaniambia ni kano ya msalaba ya ndani ya goti imekatika, bila upasuaji mpira basi, nyingine nimesoma mazoezi yanatosha. Nani mkweli?

---

mlezi_katubuka

Fizio huyu wako. Mimi najua tu kwamba kwenye vijiwe kila goti linaitwa "msalaba" siku hizi, tangu wachezaji wakubwa waanze kukaa nje msimu mzima.

---

fizio_tbr

Maelezo yake lakini ni ya kitabuni: kugeuka bila kuguswa, mlio, uvimbe ndani ya saa chache maana yake damu imeingia gotini, halafu goti kuachia. Kano ya msalaba ya mbele ndiyo mtuhumiwa wa kwanza. Kwanza apimwe kwa mikono na mtu anayejua, kabla hata ya kipimo cha picha cha MRI. Eksirei haionyeshi kano, ila inaonyesha kama kuna mfupa uliomeguka, kwa hiyo si ya bure.

Nani mkweli? Wote nusu nusu. Sweden walifanya utafiti, ukachapishwa 2010, wa vijana 121 wenye kano hiyo imekatika. Wengine walipasuliwa mapema pamoja na mazoezi, wengine walianza na mazoezi tu wakawa na ruhusa ya kupasuliwa baadaye. Baada ya miaka 2 hali za magoti zilikuwa sawa kati ya makundi, na zaidi ya nusu ya kundi la mazoezi walikuwa hawajapasuliwa. Baada ya miaka 5, karibu nusu ya kundi hilo walikuwa wameishia kupasuliwa. Kwa mtu wa kazi ya dukani au shambani, mazoezi kwanza ni njia ya heshima kabisa. Kwa kiungo anayegeuka geuka, na goti linaloachia hata baada ya miezi 3 ya mazoezi ya kweli, upasuaji una hoja. Usichoruhusiwa ni kuendelea kucheza hivyo hivyo, kila linapoachia linasaga vile vimto vya gegedu vya ndani vyenye umbo la mwezi mchanga.

Na ukipasuliwa, usisikilize wanaosema miezi 6 umerudi. Utafiti wa Norway wa 2016 ulionyesha kila mwezi unaochelewa kurudi, hadi kufikia mwezi wa 9, hatari ya kuumia tena inapungua karibu nusu. Baada ya mwezi wa 9 kuchelewa zaidi hakukuongeza kitu, lakini msuli wa paja uwe umerudi sawa na wa mguu mzima.

---

namba_sita

Shukrani sana. Kwa hiyo ligi ya mtaa msimu huu ndiyo hivyo tena.

---

mwisho_wa_reli

Cheza kamati ya ufundi mkuu, huko hakuna kugeuka ghafla 😂

---

mama_gungu

Tumetoka kupiga picha. Kimevunjika juu ya kiwiko kweli na kimehama. Wamesema watamrudishia mfupa mahali pake chini ya usingizi, huenda na vichuma vidogo vya kushikilia. Nimeuliza yale maswali ya mlezi, daktari akacheka akaniuliza kama mimi ni nesi. Vichuma vinatolewa baada ya wiki 3 au 4. Hiyo ya vidole nimesema, ameandika.

---

mwana_ujiji

Pole sana dada. Bibi amesemaje?

---

mama_gungu

Amekaa hapa na uji, anauliza yule baba arudishiwe nauli au hapana.

---

mlezi_katubuka

Arudishiwe tu dada, msigombane. Mtoto apone.

Fizio, kabla hatujalala. Lile zoezi la FIFA 11+ la kupasha mwili naona kwenye vidio wanafanyia kwenye nyasi. Sisi uwanja ni changarawe, na nina watoto wa miaka 10 humo humo na wa miaka 17. Nawapeleka pamoja?

---

fizio_tbr

Watenge. Wa miaka 14 kwenda juu wapewe 11+ yenyewe: kukimbia taratibu, kisha nguvu na kusimama bila kuyumba, kisha kukimbia kwa kasi. Dakika 20 jumla, angalau mara 2 kwa wiki. Utafiti wa Norway kwa mabinti wanaocheza mpira, uliotoka 2008, ulipunguza majeraha karibu theluthi. Ndani yake kuna lile la kupiga magoti, mwenzako anakushika visigino, unashuka mbele taratibu kama mti unaoanguka. Hilo linalinda msuli wa nyuma ya paja kuliko kunyoosha kokote, lakini anza na mara 3 hadi 5 tu, wakizidisha siku ya kwanza kesho yake hawataweza kukaa.

Wadogo wana lao, 11+ ya watoto, la miaka 7 hadi 13, mazoezi 7 tu, na ndani kuna kujifunza kuanguka. Nalo lilipunguza majeraha karibu nusu lilipojaribiwa Ulaya.

Changarawe si kikwazo, ila lile la kupiga magoti weka mkeka au magunia mawili yaliyokunjwa. Mazoezi ya kuruka wafanyie pale pembeni penye mchanga, na mawe yaokotwe kwanza. Wape hiyo kazi ya kuokota wanaochelewa.

---

mlezi_katubuka

Wanaochelewa ndio wengi, uwanja utakuwa safi kufikia Alhamisi.